Upepo Kwenye Breki za Odoyo

Gari la Odoyo lilikaa miaka minne chini ya turubai nyuma ya nyumba yake Buswelu, na kwa miaka yote hiyo dada yake, Atieno Okwach, hakulisogelea hata mara moja. Alikuwa akija kumsalimia wifi yake Justa, mjane wa Odoyo, anaingia kwa mlango wa mbele, anachagua kiti kinachotazamana na ukuta, anakunywa chai yake na kuaga. Justa hakumuuliza. Justa mwenyewe alikuwa na lake: nguo alizianika upande wa barabarani, majirani wakaona kila kitu, mradi asipite karibu na turubai lile.

Lilikuwa gari la michezo, milango miwili, jekundu, tumbo karibu liguse ardhi. Odoyo alilinunua likiwa limechoka, akalifufua kwa mikono yake. Kila mwaka kabla ya masika alibadilisha maji ya breki na ya klachi papo hapo nyumbani. Injini, alisema, anaweza kuishika fundi yeyote, lakini breki ni kama mswaki, huazimi mtu. Kazi ile inataka watu wawili, mmoja chini ya gari na mmoja kwenye kiti cha dereva. Odoyo alikuwa chini. Mguu ulikuwa wa Atieno.

"Kanyaga!" angeita kutoka chini.

"Nimekanyaga."

"Shikilia hapo hapo."

Hapo ndipo alipofungua nipeli, kijinati kidogo nyuma ya gurudumu, maji machafu yakaruka kupitia mpira mwembamba hadi kwenye chupa. Kisha alifunga, akaita, "Achia!" na Atieno akainua mguu. Kanyaga, shikilia, achia. Mwiko ulikuwa mmoja tu. Ukiinua mguu kabla nati haijafungwa, bomba linavuta hewa, na breki yenye upepo ndani haina kazi. Mguu unazama tu kama umekanyaga godoro. Atieno alijifunza hayo akiwa na miaka kumi na tisa, na hakuwahi kukosea.

Isipokuwa mara moja.

Ilikuwa Alhamisi jioni. Walikuwa wamemaliza magurudumu yote manne, na Odoyo, kama ilivyokuwa desturi yake, alirudia lile la nyuma kushoto kwa kuhakikisha, maana ndilo lililo mbali kuliko yote. Simu ya Atieno ikatetemeka mapajani. Ulikuwa ujumbe wa mwanamume ambaye Atieno alikuwa akimsubiri kwa wiki mbili, mtu ambaye leo hata sura yake haikumbuki vizuri. Akaangalia, na mguu ukainuka wenyewe.

"Usiachie!" Odoyo alipiga kelele kutoka chini.

Akakanyaga tena haraka.

"Umeachia?"

"Sijaachia," alisema Atieno.

Neno moja. Odoyo alikaza nati, akatoka chini, akajifuta mikono kwa tambara, akamwambia aende nyumbani kabla giza halijaingia.

Kesho yake, Ijumaa mchana, Odoyo alikuwa akiteremka mteremko wa kivukoni pale Kigongo, watu wakiwa mbele yake wanaelekea kwenye feri na vikapu na watoto mgongoni, na gari halikusimama. Waliokuwepo walisimulia kwamba alipiga honi ndefu, akakata usukani kushoto, akapita juu ya mawe na kutumbukia ziwani. Hakuna mpita njia aliyepata hata mchubuko. Yeye walimtoa baadaye gari lilipovutwa, mkanda ukiwa bado umemkaa kifuani.

Watu walisema ni mwendo. Magari ya namna ile, walisema, hayana mwisho mwingine. Hata mama yao, Mama Akelo, kule Rorya walikomzika, alisimama kando ya kaburi akasema, "Mwanangu ameponzwa na mwendo." Atieno alikuwa pembeni yake. Akamwacha aamini.

Je, hewa ya nusu sekunde inatosha kuua? Atieno alikuwa na duka la spea Mabatini, na mafundi hawakumpungukia. Alishawauliza watatu kwa nyakati tofauti, kana kwamba anauliza habari za mteja. Wa kwanza alisema inatosha. Wa pili alisema haitoshi, lazima kulikuwa na jingine. Wa tatu alimtazama usoni akamuuliza, "Nani amekufa?" Baada ya hapo hakuuliza tena.

Kilichobaki kilikuwa mguu. Popote alipokaa, dukani au kanisani, mguu wa kulia ulianza kukandamiza sakafu bila yeye kutaka, ukakaza mpaka paja likatetemeka. Ndala ya kulia ilitoboka wakati ya kushoto ingali mpya. Na mara nyingine, katikati ya mchana, bodaboda zikipiga kelele mlangoni na mteja akisubiri chujio la oili, alisikia kwa nyuma, chini chini, "Usiachie." Sauti haikuwa ya hasira. Afadhali ingekuwa ya hasira. Ilikuwa kama ya mtu anayeomba.

Mwaka huu, miezi michache baada ya magari kuanza kupita juu ya daraja kutoka Kigongo kwenda Busisi, Justa aliamua kuliuza gari. Alikuwa amepata mtu, Nathaniel, mfanyabiashara wa Geita aliyependa magari ya aina hiyo na kuyafuata popote. Fundi aitwaye Obedi alifanya kazi ya mwezi mzima. Alifungua injini, akabadilisha nyaya, akakausha viti juani, akaweka betri na matairi. Siku gari lilipowaka, Justa alimpigia Atieno simu.

"Limewaka, wifi. Zimebaki breki na klachi tu. Obedi atamalizia Jumatatu."

Atieno alikuwa amesimama, lakini mguu ukaanza kukandamiza.

"Mwambie Obedi aache," alisema. "Breki nitafanya mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

"Basi njoo Jumamosi. Mguu nitakupa mimi."

Jumamosi saa tatu asubuhi Atieno alifika na chupa mbili za maji mapya ya breki, spana namba kumi, mpira mwembamba unaopitisha mwanga, chupa tupu ya maji ya kunywa, na vitambaa. Turubai lilikuwa limeshatolewa na gari limesogezwa hadi kwenye kijisakafu cha saruji karibu na uzio. Wekundu wake ulikuwa umepauka. Kwenye boneti palikuwa na baka la kijivu mfano wa jani; Odoyo aliwahi kumwaga maji ya breki pale akachelewa kuyaosha, na maji yale hula rangi.

Atieno alifungua mlango. Harufu ikamjia, ya matope na magugu ya ziwani. Aliinama akagusa zulia chini ya pedali. Lilikuwa na unyevu.

"Obedi si alilikausha?"

"Mara mbili," alisema Justa. "Na mvua haijanyesha tangu mwezi uliopita." Akajifunga kanga vizuri kiunoni.

Waliinua gari kwa jeki, wakalikalisha kwenye stendi nne, wakatoa magurudumu. Atieno alifungua kikopo cha maji ya breki chini ya boneti. Yaliyokuwemo yalikuwa meusi kama chai iliyochacha. Akayanyonya kwa bomba la sindano, akafuta kikopo, akajaza mapya yenye rangi ya asali. Alimweleza Justa kwamba maji haya hunywa unyevu hewani, ukiyaacha miaka mingi yanakuwa maji kweli, na siku breki ikipata moto yanachemka ndani ya mabomba. Alieleza mengi kuliko ilivyohitajika. Kusema kulimzuia kuinama chini ya gari.

Mwishowe akalala chali kwenye boksi lililofunguliwa, akajisukuma hadi gurudumu la nyuma kushoto. Justa akavua ndala chini ya mlango, akakaa kwenye kiti.

"Nikisema kanyaga, kanyaga polepole hadi mwisho, uniambie umekanyaga. Usiinue mguu mpaka niseme achia. Hata nyumba ikiungua, wifi."

"Nimeelewa."

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

Alifungua nipeli. Maji meusi yakapita kwenye mpira. Akafunga. "Achia." Kazi ikaanza kuwa kazi, mikono ikakumbuka, na kwa dakika chache Atieno alipumua kama mtu wa kawaida. Kisha upande wa pili wa uzio mashine ya kusaga ya jirani ikawashwa. Ikanguruma hadi saruji ikatetemeka mgongoni mwake.

"Kanyaga!" akaita kwa nguvu.

Jibu hakulisikia kwa ile kelele, lakini aliona bomba likijikaza. Akafungua. Maji yalitoka kwa kishindo, kwa mguu mzito kuliko wa kwanza, na safari hii yalitoka na mapovu. Povu la kwanza lilikuwa dogo kama punje ya ulezi. La pili likawa refu, likajaza mpira mzima, likapita mbele ya macho yake taratibu.

Upepo. Alijua ni upepo gani.

Akafunga. "Achia! Kanyaga! Shikilia!" Akafungua tena, likapita jingine. Mguu kule juu ulikuwa mguu wa anayeijua kazi. Ulishuka bila kusitasita, ukashikilia bila kutetemeka, ukainuka pale tu alipoita. Justa alijifunza lini namna hii? Mara ya tano, ya sita, ya saba. Mara ya nane maji yalitoka safi, rangi ya asali tupu, hakuna povu hata moja.

Nati ikiwa bado wazi na maji yanatiririka, mashine ya kusaga ikazimwa. Katika ule ukimya Atieno akamsikia Justa akicheka kidogo, kicheko cha adabu cha kumkaribisha mgeni. Kicheko kilitoka getini, nje kabisa, upande wa pili wa nyumba.

Kutoka alipolala aliweza kuona mlango wa dereva ukiwa wazi, na chini yake sakafu ya saruji. Hapakuwa na ndala za Justa. Na maji bado yalikuwa yakisukumwa.

Kila kiungo chake kilitaka kutoka mbio. Lakini mkono ulikuwa juu ya spana. Akaikaza nati kwanza, robo mzunguko, kisha robo nyingine, hadi ikagoma. Ndipo akasema, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuisikia vizuri, "Achia."

Kule juu pedali ikarudi taratibu na kulia kidogo, kama zilivyolia pedali za gari lile siku zote.

Alipojitoa chini ya gari, kiti kilikuwa kitupu. Alibaki amekaa kwenye saruji, mgongo ukiegemea uzio, mpaka Justa alipotokea kwenye kona ya nyumba akiongozana na mwanamume wa makamo aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri.

"Wifi, huyu ndiye Nathaniel. Ameamua kuja mapema alione kwa macho yake."

"Poleni na kazi," alisema Nathaniel.

"Asante," alisema Atieno. Kisha kwa Justa, "Ulitoka saa ngapi?"

"Muda mrefu. Mara tu mashine ilipowaka nikasikia honi getini. Si nilikuambia?"

"Uliniambia?"

"Niliinama nikakuambia nakwenda kufungua geti. Ukasema, 'Haya, nenda.'" Justa alimtazama vizuri. "Sauti yako ilikuwa nzito. Nikajua ni vumbi."

Kwenye chupa, maji meusi yalikuwa yamejaa zaidi ya nusu. Atieno alijua anachoweza kusema Obedi, au fundi mwingine yeyote. Angesema kikopo kiko juu na gurudumu liko chini, maji huteremka yenyewe ukiyafungulia. Ni kweli, huteremka. Lakini hudondoka tone tone. Hayaji kwa mapigo, na hayasubiri mtu aseme achia.

Wakamwekea mgeni kiti barazani na soda. Justa akarudi kwenye gari, na safari hii Atieno alimwomba awe anaimba, chochote, ili ajue yuko pale. Justa akaimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini. Gurudumu la nyuma kulia likaisha, na la mbele kushoto. Wakawa kwenye la mbele kulia, la mwisho, Justa amekanyaga na nati iko wazi, ndipo Atieno aliposikia mdomo wake mwenyewe ukisema.

"Siku ile niliachia."

Wimbo ukakatika.

"Alhamisi ile, wifi. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye kiti. Niliangalia simu nikainua mguu, upepo ukaingia. Akaniuliza, nikamwambia sijaachia. Kesho yake akaenda nayo. Haukuwa mwendo. Nilikuwa mimi."

Chini ya gari humwoni mtu uso, unaona vyuma tu. Pengine ndiyo maana aliweza. Alisubiri Justa apige kelele. Maji mapya yalikuwa yakitiririka, yanajaa chupa, yanaanza kumwagika.

"Funga nati yako kwanza," alisema Justa.

Akafunga.

"Naachia," alisema Justa. Akashuka. Atieno aliziona ndala zake zikielekea kwenye bomba la maji, zikasimama pale. Maji yakafunguliwa, yakamwagika bure muda mrefu. Ndala zikarudi, na kofi likapiga paa la gari hadi stendi zikalia.

"Miaka minne!" alisema Justa. "Miaka minne unakunywa chai yangu!"

"Ndiyo."

"Toka huko chini nikuone."

Atieno akatoka. Justa alikuwa amelowa uso na kifua, hujui yapi ni ya bomba na yapi ni ya macho. Kule barazani Nathaniel alisimama, akaona si pa kusogelea, akakaa tena.

"Alijua," alisema Justa.

"Alijua nini?"

"Alijua uliachia. Aliingia ndani akanawa mikono, akacheka. Akasema, 'Atieno kaachia pedali, halafu kanidanganya. Yule akidanganya sauti inakuwa nyembamba kama ya kifaranga.' Akaliwasha, akalipeleka hadi kona na kurudi. Akasema pedali ni laini, gari halitembei, Jumamosi mtarudia kazi yote."

Atieno aliweka spana chini.

"Sasa kwa nini alikwenda?"

Justa alikaa chini, pale pale kwenye saruji yenye maji. "Kwa sababu yangu. Ijumaa asubuhi walipiga simu kutoka Sengerema, baba amezidiwa, anataka kupelekwa hospitali na hakuna wa kumbeba. Odoyo akasema tutafute gari la kukodi. Nikamwambia..." Akakwama, akajaribu tena. "Nikamwambia, 'Gari lako unaliosha kila Jumapili kama mtoto mchanga. Leo baba yangu anakufa, breki zimeharibika. Angekuwa mama yako, ungeshavuka.' Nilimwambia hivyo, Atieno. Akachukua funguo bila kusema kitu. Akaniambia tu, 'Nitakuwa napampu pedali.' Nilimwona akikanyaga mara tatu mara nne pale getini kabla halijashika. Nilimwona, na sikumwita."

Mashine ya kusaga ilikuwa kimya. Ndege weusi walikuwa wakigombana juu ya paa.

"Baba alipona," alisema Justa. "Walimbeba kwa pikipiki. Yuko hai mpaka leo, na tangu siku ile sijavuka kwenda kumwona. Nitamtazamaje? Watu wakisema mwendo, mwendo, mimi nashukuru moyoni."

Hawakukumbatiana. Hawakuwa na nguvu hizo, na kusema kweli kila mmoja alimchukia mwenzake kidogo, kwa muda, kama vile unavyouchukia mlango uliojigonga nao. Atieno alifikiria ile sauti nyembamba ya kifaranga. Alifikiria kaka yake akicheka huku ananawa mikono. Kwa miaka minne alikuwa amebeba uongo ambao aliyedanganywa hakuuamini hata dakika moja. Hakujua kama mzigo umepungua au umeongezeka.

Baadaye wakamalizia klachi, maana kazi ilikuwa haijaisha. Pedali ya klachi ikitolewa upepo hulala sakafuni na hairudi. Justa aliivuta juu kwa mkono kila mara, bila kuimba, bila kusema ila lile la lazima. Nimekanyaga. Naachia. Atieno akaosha kila tone lililodondoka, akarudisha magurudumu, akakaza nati za magurudumu mara mbili mbili.

Kisha alikwenda barazani akamweleza Nathaniel yote: ziwa, mteremko, mtu aliyefia ndani, na makosa ni ya nani. Justa alisimama nyuma yake, hakumzuia. Nathaniel alisikiliza hadi mwisho akiwa ameishika soda yake bila kuinywa. Akaenda kulizunguka gari mara moja. Akafungua mlango, akainama kuingia, halafu akabaki ameinama hivyo hivyo, mkono juu ya kiti. Akatoa mkono akautazama. Ulikuwa umelowa.

"Dada zangu," alisema, "mimi sina ugomvi na gari wala na marehemu. Lakini hili bado lina mwenyewe." Akawaaga kwa heshima zote na kuondoka.

Walibaki wawili na gari lililo tayari. Ilikuwa saa saba na nusu, jua kali.

"Tunafanyaje?" aliuliza Atieno.

Justa alikwenda ndani. Alipotoka alikuwa amebadilisha nguo, amevaa gauni la kanisani, na mkononi ana mfuko wenye sukari, majani ya chai na shuka jipya. "Nipeleke kwa baba," alisema.

Atieno alilijaribu kwanza kwenye barabara ya vumbi ya Buswelu. Pedali ilikuwa juu na ngumu kama jiwe. Alisimamisha gari mara kumi, na mara kumi lilisimama. Wakashika njia ya Kigongo. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, wote wawili walijua ni kitupu, na hakuna aliyekitazama kwenye kioo. Lakini gari liliinama nyuma kidogo kila walipopanda mlima, kama linavyoinama gari lenye mtu.

Walipofika darajani Atieno alipunguza mwendo. Upande mmoja, chini, ulionekana mteremko wa zamani wa kivuko, majani yameanza kuota kwenye nyufa zake, hakuna mtu. Maji yalikuwa yametulia na kung'aa. Alitegemea kuona kitu pale. Hakukuwa na kitu chochote, na hilo likamtisha kuliko yote ya asubuhi.

"Usisimame," alisema Justa, amefumba macho.

Hakusimama. Katikati ya daraja hewa ndani ya gari ilipoa ghafla, madirisha yakashika ukungu kwa ndani katika jua lile la mchana, na ile harufu ya magugu ikajaa hadi wakashindwa kupumua. Ikakaa hivyo kwa muda wa kusema Baba Yetu nzima, maana Justa aliisema. Kisha Atieno akashusha kioo chake na Justa chake, upepo wa ziwa ukaingia kwa nguvu, ukapita katikati yao na kutokea dirisha la pili. Walipokanyaga ardhi ya Busisi harufu ilikuwa imekwisha.

Mzee Luhaga, babake Justa, alikuwa uani kwake nje kidogo ya mji wa Sengerema, anachambua mbegu za mahindi kwenye ungo. Macho yake hayakuwa mazuri tena. Alisikia muungurumo, akainua uso. Justa alishuka, akaenda akapiga magoti mbele yake kwenye vumbi na gauni lake la kanisani.

"Shikamoo, baba."

Mzee alinyoosha mkono akampapasa kichwa, masikio, mabega. "Marahaba," alisema. "Marahaba, mama. Nilidhani nitakufa kabla." Halafu akauliza wamekula nini, akaita watu wa nyumbani wasonge ugali.

Justa alimweleza yeye mwenyewe, jioni ile ile, peke yao kando ya zizi. Atieno hakusikia walichosema. Aliona tu mzee akitikisa kichwa kwa muda mrefu, na Justa amekaa chini miguuni pake kama msichana. Naye Atieno akatafuta mahali penye mtandao, juu ya kichuguu nyuma ya nyumba, akampigia mama yake Rorya.

Alimwamkia, akaulizwa habari za duka, akajibu. Kisha akaanza, tangu ule ujumbe wa simu hadi leo asubuhi. Hakuruka kitu. Mama Akelo hakumkatiza, mpaka Atieno akatoa simu sikioni kuangalia kama bado yuko.

"Nipo," alisema Mama Akelo. "Nakusikia."

"Mama, sema kitu."

Alisikia kuku, na mlango wa bati ukifungwa, kule mbali.

"Maneno hayo si yangu," alisema mama yake. "Mimi siwezi kumpokelea Odoyo. Utakuja hapa, wewe na Justa, mtakwenda kule nyuma ya nyumba alikolala, mtamwambia mwenyewe. Nami nitakuwa ndani. Mkimaliza ndipo mje kwangu."

"Na wewe utaniambia nini?"

"Sijui bado, mwanangu," alisema Mama Akelo. "Njooni kwanza."

Walikwenda wiki iliyofuata, kwa basi.